Winchi ya Injini kwa Fundi Anayesafiri Peke Yake

Maswali ya Wasomaji: Gereji na Barabara

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi wa magari hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Sehemu kubwa ya kazi yangu haiko gerejini bali vijijini, upande wa Mkoka na Hogoro, ambako magari ya kubebea mahindi na alizeti huharibikia njiani au uani kwa mwenyewe. Ninatumia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na siku hizi ninakwenda peke yangu kwa sababu kijana niliyekuwa naye amepata kazi Dodoma mjini. Nikitaka kutoa injini nalazimika kutafuta vijana wanne na boriti, na wakishalipwa hawa, mimi nabaki na cha kununulia mafuta tu. Nimeziona kreni za kukunja zinazouzwa madukani, lakini niliyoijaribu ilinishinda kuipandisha kwenye gari. Je, ipo winchi ambayo mtu mmoja anaweza kuipakia, kuishusha na kuisimamisha bila msaada, na bado ikanyanyua injini ya Noah, ya Hilux, na mara moja moja ya Land Cruiser?
Fundi wa Kibaigwa

JIBU: Ndugu yangu fundi, ipo, ila dukani huenda usiikute imekamilika, nusu yake utainunua na nusu utaichomelesha. Kabla ya kufika huko, turudi kidogo kwenye ile kreni iliyokushinda, maana kosa halikuwa la mikono yako. Kreni za kukunja za tani 2, zile zenye magurudumu sita na jeki ya mafuta chini ya mkono wake, huwa na uzito wa kati ya kilo 70 na 90. Muuzaji akisema kwamba inabebeka, anamaanisha kwamba inasukumika juu ya sakafu ya saruji na kwamba ikikunjwa inakaa kwenye kona. Hamaanishi kwamba mtu mmoja ataiinua hadi usawa wa sanduku la gari, na wala hamaanishi kwamba vile vigurudumu vyake vidogo vya chuma vitapita kwenye kichanga cha Hogoro.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si uzito wa kifaa kizima, bali uzito wa kipande chake kizito kuliko vyote baada ya kukifungua. Mtu mwenye afya njema hubeba kilo 10 au 15 mara nyingi kwa siku bila kujiumiza mgongo, lakini kilo 80 hawezi hata mara moja. Ukikishika kipimo hicho, uchaguzi wako unapungua haraka.

Tuanze na mzigo wenyewe. Injini za petroli za silinda nne kama zile za IST na Noah ziko kati ya kilo 80 na 150 bila giaboksi. Dizeli za silinda nne za Hilux, yaani zile zenye namba ya injini 2L na 3L, hukaribia kilo 200. Ile 1HZ ya Land Cruiser, ya silinda sita na lita 4.2, ni kilo 300 hivi, na hapo giaboksi na transfa (giaboksi ya pili, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) havijahesabiwa. Ukiwa na tabia ya kushusha giaboksi kwanza, jambo ambalo kwa mtu anayefanya kazi peke yake naliona ni la lazima, kifaa chenye uwezo wa nusu tani kinakutosha na ziada inabaki. Huna haja ya tani 2.

Ninachokushauri ni winchi ya miguu mitatu ya bomba, pamoja na chenibloku ya tani 1, ile puli ya minyororo inayovutwa kwa mkono. Chenibloku ya tani 1 yenye mnyororo wa kunyanyua mita 3 ina uzito wa kilo 11 hivi. Unaitia kwenye kiroba na kuiweka chini ya kiti. Kama Dodoma hukuipata yenye alama ya uwezo iliyogongwa kwenye kulabu na kwenye bati la ubavuni, agiza kutoka Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, itakujia kwa basi kama kifurushi. Isiyo na alama hiyo usiichukue hata ukipunguziwa bei.

Miguu ndiyo inayohitaji akili zaidi, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kipimo. Fundi hupima upana wa gari, tuseme mita 1.7, kisha anatengeneza miguu ambayo chini inaachana mita 2 na kitu, akaona gari litapita. Anasahau kwamba miguu inainama kuelekea juu, na kwamba gari si pana kwenye matairi peke yake. Kwenye fenda, karibu mita 1 kutoka ardhini, bado ni pana karibu vilevile, wakati pale miguu imeshasogeleana. Miguu ya mita 3 inayoachana mita 2.1 chini, ukiipima kwenye usawa wa mita 1 juu utakuta nafasi ya mita 1.3 tu. Gari haliingii hapo, au linaingia likikwaruza rangi ya mwenyewe, na malipo yako yanaanza kukatwa kabla hujashika spana.

Ili nafasi ya kwenye fenda ifike mita 1.8, kichwa cha winchi kinapaswa kuwa kwenye kimo cha mita 3.2 na miguu iachane mita 2.6 ardhini, na hilo linataka kila mguu uwe na urefu wa mita 3.5. Urefu huo haukai kwenye kirikuu, ambayo sanduku lake lina kama mita 1.9. Hivyo kila mguu uukate mara mbili, vipande vya mita 1.75. Bomba la inchi 2 huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo bomba mbili tu zinakupa vipande vyote 6, na vinavyobaki ni vijipande viwili vya sentimita 75 ambavyo fundi wa kuchomelea atakuomba. Usimpe, vitakufaa kwa kurefushia mikono ya spana.

Chukua bomba lenye unene wa milimita 3.6. Mita moja yake ina uzito wa kilo 5, hivyo kila kipande ni kama kilo 9. Maungio ya vipande ndiyo roho ya kifaa hiki. Ndani ya ncha ya juu ya kila kipande cha chini ingiza bomba la inchi 1 na nusu lenye urefu wa sentimita 40, nusu yake ibaki ndani na kuchomelewa, nusu itokeze ili kipande cha juu kivikwe hapo. Utaona kwamba bomba hilo dogo linacheza ndani ya lile kubwa, kwa sababu kuna mwanya wa zaidi ya milimita 2 kila upande. Usiridhike na kucheza huko. Mwambie fundi achomelee vipande vinne vya bapa la milimita 2 kuzunguka bomba dogo, kisha apige tupa mpaka kipande cha juu kiingie kwa kusukumwa, si kwa kudondoka. Baada ya hapo toboa tundu moja la kupitisha bolti ya milimita 12. Bolti hiyo haibebi injini. Kazi yake ni kuzuia mguu usichomoke unapouhamisha.

Kichwani weka bamba la pembetatu la milimita 12 lenye masikio matatu, kila mguu ukining'inia kwa bolti ya milimita 20 ili ukunjuke kwa uhuru. Pa kutundikia chenibloku pasiwe pete iliyobandikwa chini ya bamba kwa mshono mmoja wa kuchomelea. Toboa bamba katikati, pitisha kitanzi cha nondo nene kutoka juu, na kile kipande cha chuma kinachokizuia kikae juu ya bamba, ili hata mshono ukiachia, kitanzi kibaki kimekwama. Ukitaka mkono mwingine uikague kazi hiyo, nenda na mchoro wako kwa walimu wa kuchomelea wa VETA Dodoma, chuo cha ufundi stadi, au kwa watu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo. Vifaa vya namna hii si vigeni kwao.

Sasa jumlisha. Vipande 6, kichwa, bolti, sahani za miguu na chenibloku vinakaribia kilo 80, yaani uzito uleule wa kreni iliyokushinda. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kipande kinachozidi kilo 11 au 12.

Kuisimamisha peke yako kuna utaratibu wake. Anza na vipande vya juu pekee. Winchi itasimama ikiwa fupi, kichwa kikiwa usawa wa kidevu chako, na hapo ndipo unapotundika chenibloku bila kupanda ngazi. Kisha ongeza kipande cha chini kwenye mguu mmoja na kuulaza mbali, fanya hivyo kwa wa pili na wa tatu, halafu anza kuisogeza miguu ndani kidogo kidogo kwa zamu, nusu hatua kwa kila mguu, na kichwa kitapanda chenyewe. Mara ya kwanza inachukua nusu saa na jasho. Nakushauri ufanye mazoezi nyumbani mara tatu kabla ya kwenda nayo kwa mteja, kwa sababu mteja akikuona unahangaika na miguu ya bomba mbele ya watoto wa kijiji, bei uliyomtajia ataanza kuifikiria upya.

Miguu ikisimama, izungushie mnyororo chini kutoka mguu hadi mguu. Injini ya kilo 300 inasukuma kila mguu kwenda nje kwa nguvu kama ya kilo 47, na kwenye kichanga hakuna kitu kingine kitakachouzuia. Kamba ya katani au ya manila haifai kwa kazi hii, kwani inavutika. Na kila mguu uwe na sahani ya chuma ya sentimita 20 kwa 20, chini yake ubao mpana. Ninasisitiza ubao kwa sababu ya yaliyonipata mimi upande wa Hombolo, mwezi Machi, kwenye uwanja ambao juu ulikuwa mgumu kiasi cha kulia ukiukanyaga. Injini ya Hilux ilikuwa imeshapita usawa wa bampa pale mguu mmoja ulipotoboa ule ugumu wa juu na kuzama shubiri nzima kwenye tope la chini. Injini ikayumba, ikabonyeza chuma cha kushikia rejeta, ikatulia. Mkono wangu ulikuwa umetoka pale muda mfupi tu kabla, kwenda kuchukua kitambaa.

Jambo ambalo lazima ulikubali tangu mwanzo ni kwamba kwa winchi hii injini haitembei. Gari ndilo linalotembea. Unaingiza gari kwa mbele kati ya miguu miwili, mguu wa tatu ukiwa mbele ya bampa. Fungua boneti kabisa na kuiondoa, ni bolti nne tu, kwa sababu ikiachwa wima itagombana na mnyororo. Ukishanyanyua injini mpaka tumbo lake limepita juu ya chuma cha mbele, sukuma gari kurudi nyuma, kisha mara moja shusha injini hadi karibu na ardhi. Gari lisilo na injini ni jepesi mbele, na kwenye uwanja sawa mtu mmoja analisukuma. Penye mwinuko livute kwa kirikuu. Kabari za matairi ziwe tayari kabla hujaachia breki ya mkono. Kama unataka kuipakia injini kwenye kirikuu, rudisha kirikuu kinyumenyume kupitia uwazi uleule lilikotokea gari. Kumbuka pia kwamba kirikuu nyingi zimeandikiwa mzigo wa kilo 350, hivyo ukiweka 1HZ pamoja na winchi, umeshapitiliza. Siku hiyo winchi ibaki kwa mteja, au injini ipande gari jingine.

Minyororo ya kufungia injini nayo ina hesabu yake. Ukishika masikio mawili ya injini kwa mnyororo mfupi, pande zake mbili zinafunguka sana. Pembe kati ya pande hizo ikiwa nyuzi 60, kila upande wa mnyororo unabeba kilo 173 kwa injini ya kilo 300. Ikifika nyuzi 120, kila upande unabeba kilo 300 kamili, kana kwamba umetundika injini mbili. Tumia mnyororo mrefu zaidi, na ufunge kwenye masikio ya kunyanyulia au kwenye matundu ya bolti kubwa za bloku ya injini, si kwenye manifoldi, yaani mabomba ya hewa na moshi yaliyofungwa ubavuni mwa injini.

Kabla ya kazi ya kwanza, ijaribu. Pipa la lita 200 likijazwa mchanga mkavu linafika kilo 320 na zaidi, na likijazwa maji ni kama kilo 220 pamoja na chuma chake. Litie mikanda kupita chini ya kitako, si kwenye ukingo wa juu, ongeza mawe mpaka uzito upite wa injini kubwa unayoitarajia kwa robo, linyanyue sentimita 10 tu kutoka chini, kisha liache dakika kumi huku ukitazama maungio ukiwa umesimama pembeni. Na siku utakapoajiri tena kijana, fahamu kwamba utakuwa mwajiri mbele ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na vifaa vya kunyanyulia mizigo ni miongoni mwa vitu ambavyo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, huvikagua.

La mwisho kwako ni vumbi. Breki ya chenibloku inafanya kazi kwa sahani zinazobanana zikiwa kavu. Mafundi wetu wakisikia kitu kinakwaruza wanamimina oili, nayo oili ikifika kwenye sahani hizo, mzigo unaanza kuteremka wenyewe. Paka mnyororo wa mzigo mafuta kidogo, mwilini pasiguswe, na kiroba kifungwe mdomo.

SWALI: Mimi tayari nimenunua kreni ya kukunja ya tani 2 kwa ajili ya gereji yangu ya Manyoni. Magurudumu yanazama, na injini ya Canter niliyoinyanyua juzi ilikuwa inashuka yenyewe polepole. Je, nimeuziwa kitu kibovu?
Msomaji wa Manyoni

JIBU: Huenda si kibovu, ndugu. Kuhusu magurudumu, kata plaiwudi nene vipande vitatu vya upana wa nusu mita na uwe unavihamisha kutoka nyuma kwenda mbele kadiri unavyosukuma. Ukipata nafasi, mwaga zege la mita 3 kwa 5 mahali pamoja na uache kuhangaika. Injini iwe chini kabisa wakati wa kusukuma, maana kreni hizi hupinduka mzigo ukiwa juu na gurudumu moja likakwama.

Kuhusu kushuka, kwanza angalia tundu ulilotumia kwenye mkono wa kreni. Tani 2 zilizoandikwa ni kwa mkono ukiwa mfupi kabisa. Nyingi za aina hiyo, mkono ukivutwa hadi mwisho, zinabaki na kilo 500. Pili, kaza skrubu ya kuachilia mafuta, kwani uchafu mdogo tu ukikaa hapo jeki inavuja kwa ndani. Tatu, toa hewa: fungua skrubu hiyo jeki ikiwa imeshuka, pampu mara kumi hadi kumi na tano bila mzigo, ifunge, ongeza mafuta ya haidroliki. Usiweke mafuta ya breki hata kama ndiyo uliyo nayo mkononi, kwa sababu yanavimbisha sili na kuziharibu. Ikiendelea kushuka baada ya hapo, sili zimekwisha, na hubadilishwa bila kununua jeki mpya.

SWALI: Sisi huku Singida tunatundika chenibloku kwenye mti na maisha yanaendelea. Kuna haja gani ya gharama zote hizo?
Msomaji wa Singida

JIBU: Mti mzuri mahali pazuri ni winchi isiyo na gharama, na nimeutumia zaidi ya mara moja. Taabu yake ni kwamba gari lililokufa ndilo linalolazimika kuufuata mti, na mti hauko pale gari lilipofia. Ukiutumia, chagua mkungugu au mwembe wenye tawi nene kuliko paja lako, tundika karibu na shina na si kwenye ncha, na kabla ya yote gonga tawi kwa nyundo usikilize kama mchwa wameshalila ndani. Mbuyu usiuguse kwa kazi hii. Unene wake unadanganya; ubao wake ni laini na umejaa maji, na matawi yake huweza kuachia bila kulia kwanza.